Korosho za 2018: sisi tulikuwa na mzigo, wao walikuwa na muda

Kila Oktoba minada ikianza hapa kusini maneno ni yaleyale. Wanunuzi wanatuonea, serikali imetutupa, makampuni yamekula njama, na watu wakishabishana kuhusu bei ya mnada wa kwanza wa Tandahimba au Masasi basi mada imekwisha mpaka mwakani. Mimi nataka tukae kidogo na msimu mmoja tu, ule wa 2018/19, kwa sababu naamini lile lilikuwa somo kubwa la uhusiano wa kimataifa ambalo mkulima wa Mtwara na Lindi kalipitia yeye mwenyewe, kwa mfuko wake, na mpaka leo tunalisimulia kama habari za ndani tu, mawaziri walitumbuliwa, jeshi lilikuja, kangomba, wale walanguzi wa vijijini, walikamatwa. Hayo yote yalitokea kweli. Ila ugomvi wenyewe ulikuwa kati ya nchi yetu na viwanda vya nchi mbili za mbali, India na Vietnam, na ukiuangalia kutokea hapo vitu vingi vilivyoonekana vya ajabu vinaeleweka.

Kwanza tukumbushane hali ilikuwaje. Msimu wa 2017/18 ulikuwa wa neema, nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000 na bei kwenye baadhi ya minada ikapita shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walijenga, bodaboda zikanunuliwa, ada zikalipwa mapema. Mwaka 2017 korosho peke yake iliingizia nchi zaidi ya dola milioni 500. Kwa hiyo mkulima alipopalilia na kupuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, kwa ajili ya 2018 kichwani ana ile 4,000, hata kama hakuna mtu aliyemuahidi.

Oktoba 2018 minada ikafunguliwa, barua za wanunuzi zikasomwa mbele ya wakulima, zote chini ya 3,000, nyingine chini sana. Wakulima wakakataa. Hapa nataka niwape heshima yao, maana kukataa pesa mbele ya meza wakati nyumbani kuna madeni si jambo dogo, tena walikataa kwa pamoja kupitia vyama vyao. Waziri Mkuu akakutana na wanunuzi mwishoni mwa Oktoba, ikazungumzwa kwamba bei isiwe chini ya 3,000, lakini mzigo uliokuwa unachukuliwa ukawa mdogo na mambo yanasuasua. Tarehe 10 Novemba Rais Magufuli akawaondoa mawaziri wawili, wa kilimo na wa viwanda na biashara, bodi ya korosho ikavunjwa. Tarehe 12 Novemba akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, fedha zitoke Benki ya Maendeleo ya Kilimo, jeshi lisombe mzigo na lisimamie maghala, na kiwanda cha Buko pale Lindi kikabidhiwe jeshi libangue.

Mimi siwezi kusahau furaha ya siku ile huku kwetu, na sitaki kumcheka mtu yeyote aliyefurahi. Kiongozi wa nchi kasimama na mkulima dhidi ya mnunuzi wa nje, nani asingefurahi?

Sasa tuingie kwenye uchambuzi wenyewe.

Korosho ghafi si kama mahindi ambayo kila nyumba ni mnunuzi. Korosho ghafi ina ganda gumu lenye mafuta yanayounguza mikono, haina kazi kwa mtu asiye na kiwanda. Na viwanda viko wapi? Shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, lilionyesha kwamba kati ya 2014 na 2018 India na Vietnam peke yao zilichukua kama asilimia 98 ya korosho ghafi yote iliyonunuliwa kimataifa. Afrika tunalima zaidi ya nusu ya korosho ya dunia halafu tunabangua sehemu ndogo sana. Kwa hiyo kwenye ule mnada wa Newala hata kama utaona majina ya makampuni kumi na tano, mengine yamesajiliwa Dar, mengine Dubai, mwisho wa safari mzigo unaingia kwenye milango miwili tu.

Kwenye masomo ya uhusiano wa kimataifa kuna kutofautisha aina mbili za kutegemeana. Kuna kuumia, yaani mwenzako akigoma leo wewe unapata maumivu ya muda. Na kuna kukosa pa kukimbilia, yaani hata ukipewa muda wa kujipanga bado huna njia nyingine. Pande zote mbili za biashara zinaweza kuumia, ila yule mwenye pa kukimbilia ndiye anaamua bei. Mwaka 2018 sisi wote tulikuwa tunapigia hesabu aina ya kwanza: tukiwanyima korosho wataumia, viwanda vyao vitasimama, watarudi wanabembeleza. Kweli wangeumia kidogo. Lakini pa kukimbilia walikuwa napo, tena pengi.

Angalia kalenda. Korosho yetu inaingia sokoni Oktoba mpaka Januari hivi, na hiyo ndiyo silaha yetu kubwa kwa sababu kipindi hicho Afrika Magharibi hawana mzigo mpya. Bei nzuri za kusini kwa miaka mingi zinatokana na hapo, kwamba tunatoka wakati wengine wamemaliza, pamoja na ubora, kwa sababu gunia la kilo 80 la korosho yetu linatoa paundi nyingi za kiini kuliko la nchi nyingi. Ila silaha hiyo ina tarehe ya kuisha. Februari Côte d'Ivoire wanaanza kuvuna, na wale ndio wakubwa wa dunia, walikuwa wanavuna zaidi ya tani 700,000 kwa mwaka. Wanafuata Ghana, Benin, Nigeria, Guinea-Bissau. Kambodia iko mlangoni kwa Vietnam na inavuna miezi hiyohiyo. Na jirani zetu Msumbiji wanavuna sambamba na sisi, ng'ambo tu ya Ruvuma.

Kwa hiyo mnunuzi wa Ho Chi Minh City kule Vietnam akiambiwa tarehe 12 Novemba kwamba Tanzania haiuzi, anachotakiwa kufanya ni kuvumilia wiki kama kumi na mbili. Hapo ndipo penye kisa chote. Tulianza kushindana kuhusu bei na watu waliokuwa wanashindana nasi kuhusu muda.

Na muda ulikuwa upande wao kuliko kawaida, kwa sababu mwaka ule soko lenyewe la dunia lilikuwa linashuka. Wengi hapa tuliamini 4,000 ya 2017 ni thamani ya korosho na kwamba 2,500 ni wizi. Ukweli ni kwamba wabanguaji wa Vietnam walinunua ghafi kwa bei ya juu mno kipindi cha 2017 na mwanzoni mwa 2018, halafu bei ya korosho iliyobanguliwa huko Marekani na Ulaya ikaanguka, wakabaki na mzigo wa ghali ambao hauwezi kurudisha pesa. Upande wa India hali mbaya zaidi, Kollam kule Kerala, mji ambao kwa miongo mingi ndio ulikuwa makao ya ubanguaji, viwanda vingi sana vilikuwa vimefunga milango kwa madeni na kwa kushindwa kupambana na mashine za Vietnam. Mnunuzi wa namna hii haji mnadani na kiburi cha pesa, anakuja na benki inayomdai. Kama unataka ushahidi kwamba halikuwa jambo la Tanzania pekee angalia Côte d'Ivoire: serikali yao ilimpangia mkulima faranga 500 kwa kilo mwaka 2018, mwaka 2019 wakashusha mpaka 375. Robo nzima imeondoka, na kule hawakugombana na mtu.

Sitaki mtu anielewe vibaya kwamba wanunuzi walikuwa malaika. Wanunuzi wachache kwenye soko moja wanaweza kuelewana bila hata kukutana, na mkulima ana haki ya kushuku. Lakini njama na bei ya dunia vinaweza kuwepo kwa wakati mmoja, na dawa zake ni tofauti. Ukiitibu bei ya dunia kama njama unapeleka polisi mahali ambapo ulihitaji akiba ya fedha.

Hebu tupige hesabu ya serikali baada ya tangazo. Zaidi ya tani 200,000 kwa 3,300 kwa kilo, hiyo ni zaidi ya shilingi bilioni 660. Kwa dola ya wakati ule 3,300 ilikuwa kama dola moja na senti arobaini na kitu kwa kilo, na hapo bado hujaweka gunia, usafiri, ghala, bandari, na ushuru wa kusafirisha ghafi ambao kisheria ni asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, ile iliyo kubwa. Nani ananunua kwa bei hiyo wakati anajua Februari anapata ya Abidjan, Côte d'Ivoire, kwa bei ya chini? Serikali ilikuwa na njia tatu tu za kutoka pale. Soko la dunia lipande, au tubangue wenyewe, au apatikane mnunuzi nje ya ile milango miwili.

La kwanza halikutokea. La pili lilikuwa haliwezekani kwa haraka, uwezo wa viwanda vya ndani vilivyokuwa vinafanya kazi ulikuwa mdogo mno mbele ya mzigo wa tani laki mbili, na wanajeshi pamoja na nidhamu yao hawawezi kugeuza hilo ndani ya miezi mitatu. Ikabaki la tatu.

Tarehe 30 Januari 2019 ukasainiwa mkataba na kampuni moja ya Kenya, inunue tani 100,000 kwa dola milioni 180, zikatangazwa kuwa kama shilingi bilioni 418. Watu walishangilia tena. Ila gawanya mwenyewe: bilioni 418 kwa tani 100,000 ni shilingi 4,180 kwa kilo. Msimu ambao wabanguaji wenye viwanda na uzoefu wa miaka wanasita hata kwenye 3,000, anatokea mtu ambaye hana kiwanda cha korosho analipa 4,180? Sisemi kuhusu nia ya mtu. Nasema kwamba kwenye mazungumzo ya kimataifa ofa inayozidi soko kwa kiasi hicho ni ya kuomba dhamana ya benki kwanza kabla ya kupiga picha. Miezi ikapita, fedha hazikuja, Mei 2019 waziri wa viwanda na biashara akatangaza kwamba mkataba umevunjwa. Mzigo ukaendelea kuuzwa taratibu ndani ya 2019, na sehemu kubwa ikaondoka ghafi vilevile, kuelekea kulekule.

Miezi ile minne ndiyo inayoniuma. Ilikuwa miezi ya Afrika Magharibi kuingia sokoni. Sisi tukiwa na mzigo ghalani tulikuwa kama mvuvi wa soko la Feri, Dar, aliyeshikilia samaki mpaka saa nane mchana bila barafu, kila saa inayopita mnunuzi anajua bei inakuja kwake.

Na nyumbani je? Hapa ndipo naona watu wanaosimulia kisa hiki kutokea Dar wanapita haraka, na mimi sitapita haraka. Serikali ilipoamua kununua, ikaamua pia kuhakikisha inamlipa mkulima halisi na si kangomba, yaani wale wanaozunguka vijijini kununua kwa bei ya kutupwa kabla ya mnada. Nia ilikuwa ya haki, kangomba anamnyonya mtu mwenye njaa. Ukaanzishwa uhakiki, na wenye zaidi ya kilo 1,500 wakatakiwa kuonyesha mashamba yao. Sasa shamba la mikorosho la huku si kiwanja chenye hati. Mtu ana mikorosho ya baba yake Mahuta, ya mkewe Kitangari, mingine kaachiwa na mjomba na inavunwa na watoto wa dada, ndivyo ukoo unavyoishi. Unamuonyeshaje ofisa mgeni kwa asubuhi moja?

Mzee mmoja wa Tandahimba, mjomba wangu kwa upande wa mama, nilimuuliza kipindi kile, "Shikamoo mjomba, umeshalipwa?" Akanijibu, "Marahaba mwanangu. Mhindi alinipa bei ndogo nikamkatalia. Serikali imenipa bei kubwa, pesa sijaziona. Sasa nimkatalie nani?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Malipo yalikuja, kwa wengi yalikuja, ila kwa awamu na kwa kuchelewa, na wengine walisubiri mpaka ukaanza msimu wa kupuliza dawa. Januari ina ada na sare. Mei na Juni ni salfa. Aliyekosa fedha miezi hiyo aliuza kwa kangomba msimu uliofuata kabla hata mikorosho haijachanua, kwa hiyo uhakiki uliokusudiwa kumuua kangomba ukamtafutia wateja wapya. Na watu wengine waliishi kwa mzunguko huohuo bila kuwa na mkorosho hata mmoja, wapagazi wa maghala, mama ntilie wa Masasi stendi, wenye maroli, mawakala wa meli pale bandarini Mtwara. Kwenye takwimu za nchi mauzo ya korosho nje yalishuka kutoka zile dola milioni 500 na zaidi za 2017 mpaka chini ya milioni 200 mwaka 2018.

Ukiweka yote haya kwenye lugha ya majadiliano kati ya mataifa, unaona jambo ambalo kwangu ndilo kosa kubwa la kimkakati, kubwa kuliko bei yenyewe ya 3,300. Muda wetu mfupi wa nguvu, Novemba mpaka Januari, tuliutumia kumchunguza muuzaji wetu badala ya kumtafuta mnunuzi. Nguvu ya serikali yote, maofisa, magari, vikao, iligeukia ndani, kwa mkulima. Wale tuliokuwa tunashindana nao walikuwa Abidjan wanapanga mikataba ya Februari.

Kuna jambo jingine lilitokea miezi michache kabla, ambalo bila hilo kisa hakikamiliki. Ule ushuru wa kusafirisha korosho ghafi uliwekwa kwa sababu ya maana: kufanya ghafi iwe ghali kuitoa ili kubangulia ndani kuwe na faida, na asilimia 65 ya fedha zake zilikuwa zinarudi kwenye tasnia, kwenye pembejeo, utafiti, na kuendeleza ubanguaji. Juni 2018 sheria ikabadilishwa bungeni fedha zote ziende mfuko mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walipiga kelele sana, wengine kwa hasira, na hawakusikilizwa. Wengi waliuona ule ugomvi kama wa mikoa kugombania fedha. Mimi nauona kama nchi kuuza ngao mwezi wa sita halafu kuingia vitani mwezi wa kumi na moja, maana fungu lile ndilo lilikuwa la kujenga pa kukimbilia.

Na kuhusu kubangua, watu wanaposema "tujenge viwanda" huwa wanataja ajira na thamani. Sawa, ajira ni kubwa, hasa kwa kina mama. Lakini kuna faida ya tatu ambayo ni ya kidiplomasia na haisemwi. Gunia la kilo 80 likitoa paundi 50 za korosho karanga, yaani iliyobanguliwa, hiyo ni kama kilo 22 na kitu. Mzigo umepungua zaidi ya mara tatu, ukifungwa vizuri unakaa muda mrefu bila kuharibika, na wanunuzi wake si wawili tena. Korosho karanga inanunuliwa na Marekani, Uholanzi, Ujerumani, nchi za Kiarabu, China, Afrika Kusini, mpaka hoteli za Zanzibar. Hata ukibangua theluthi tu ya mavuno yako, zile theluthi mbili zinazobaki unaziuza ghafi ukiwa umekaa vizuri, kwa sababu mnunuzi anajua kwamba akikubana sana unaweza kuongeza zamu kiwandani. Kubangua kunakununulia muda, na muda ndio tuliokosa.

Tulishawahi kujaribu. Miaka ya sabini serikali ilikopa, Benki ya Dunia ikiwemo, vikajengwa viwanda kumi na mbili kwa mashine za Kiitaliano na za Kijapani, wenyeji wa Newala, Masasi, Mtama, Lindi na Nachingwea wanayajua yale majengo. Uvunaji ulikuwa umefika tani 145,000 msimu wa 1973/74. Halafu watu wakahamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, ugonjwa wa mikorosho wa ubwiriunga ukaingia, bei ya mkulima ikawa haina maana, na kufikia katikati ya miaka ya themanini mavuno yalikuwa kwenye tani elfu kumi na kitu tu. Viwanda vikakosa cha kubangua, baadaye vikabinafsishwa na vingi vikaishia kuwa maghala. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, ndio walioirudisha mikorosho kwa kazi yao ya salfa na mbegu bora, hao watu hawasifiwi vya kutosha. Mikorosho ilirudi. Viwanda havikurudi.

Jirani zetu Msumbiji yaliwakuta kwa njia nyingine. Mwaka 1995 Benki ya Dunia iliwabana walegeze ushuru wa kutoa ghafi, hoja ikiwa kwamba mkulima atapata bei nzuri na kiwanda kisichoweza kushindana kife. Kufikia mwishoni mwa miaka ya tisini viwanda vikubwa vilikuwa vimefungwa na maelfu ya wafanyakazi, wengi wanawake, wako nyumbani, na ghafi yao inaelekea India. Wakati huohuo India yenyewe inatoza ushuru mdogo kwa ghafi inayoingia, mwaka 2018 waliushusha kutoka asilimia 5 mpaka 2.5, ila korosho iliyobanguliwa ikitoka nje inakutana na ushuru mkubwa mno. Yaani mlango wa malighafi uko wazi na mlango wa bidhaa umefungwa, na hiyo ni sera ya makusudi ya nchi inayolinda viwanda vyake. Siwalaumu kwa kulinda watu wao wa Kollam. Nawalaumu wanaokuja kutuambia sisi tusilinde.

Vietnam ndio mfano unaonigusa zaidi maana hawakuanza na chochote cha ajabu. Miaka ya tisini walikuwa nyuma ya India, wakaunda mashine zao wenyewe za kupasua na kumenya, serikali na mabenki wakasimama nyuma ya wabanguaji, mwaka 2006 wakaipita India kwa kuuza korosho karanga nje. Wanabangua korosho ambayo sehemu kubwa hawakuilima. Na walipoona kutegemea Afrika kuna hatari, wakasukuma kilimo cha korosho Kambodia, leo Kambodia ni muuzaji mkubwa kabisa kwao. Hilo ni jibu lao kwa tatizo lilelile la pa kukimbilia.

Sasa kuna watu wananiambia, basi wakulima wa Afrika tuungane kama nchi za mafuta. Baraza la nchi zinazolima korosho lilianzishwa Abidjan mwaka 2016, na kubadilishana taarifa ni jambo jema. Ila kuzuia mzigo kwa pamoja sioni. Mafuta yakibaki ardhini hayaozi, korosho ghalani inapata unyevu. Na misimu yetu imepishana, kwa hiyo mimi nikigoma Novemba ninamtengenezea Mwivory bei nzuri ya Februari, yeye ana sababu gani ya kunisaidia? Umoja wa namna hiyo unahitaji fedha za kumlipa anayegoma, na fedha hizo hakuna aliyeziweka mezani.

Msimu wa 2019/20 serikali ikarudi kwenye minada na wanunuzi binafsi. Tangu 2024 mauzo yanapita kwenye mfumo wa mtandao wa soko la bidhaa, TMX, bei za ufunguzi za mwaka huo zilivuka tena 4,000, na mavuno ya 2024/25 yakapita tani 500,000. Uwazi umeongezeka, nakubali kwa moyo mmoja. Pale Maranje, Mtwara, kuna kongani ya viwanda vya korosho inayojengwa na mimi naiombea kila siku. Lakini tani 500,000 zinazoondoka ghafi kwenda milango ileile miwili ni hatari kubwa zaidi kuliko tani 200,000, kwa sababu siku bei ikianguka tena hakuna benki ya serikali itakayoweza kununua kiasi hicho kwa huruma.

Kikwazo nakijua kwa kusikia wabanguaji wadogo wa Mtwara mjini na Newala. Mashine siku hizi zinapatikana, tatizo ni kwamba kiwanda kinatakiwa kununua korosho ya mwaka mzima ndani ya miezi mitatu, taslimu, kikishindana mnadani na mtu mwenye mkopo wa riba ndogo wa benki za Asia, wakati wewe riba ya benki zetu inakukata shingo. Ukikosa mzigo Desemba, kiwanda kinalala Aprili na wale kina mama uliowafundisha wanarudi shambani. Kwa hiyo fedha zozote za ushuru wa ghafi zitakazorudi kwenye tasnia ziwekwe kwanza hapo, mtaji wa msimu wa kununulia mzigo, kwa riba ambayo mbanguaji wa Tanzania anaweza kuilipa, na wabanguaji wa ndani wahudumiwe kabla mnada wa jumla haujafunguliwa. Balozi zetu za Hague, Berlin, Washington na Beijing zipewe kazi ya kutafuta wanunuzi wa karanga wa mikataba ya muda mrefu, kwa majina na tani, na ripoti zao zisomwe kwenye mkutano wa wadau wa korosho mbele ya viongozi wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, kama zinavyosomwa ripoti za salfa.